Kwa Nini Visu vya Ighenge Vina Kitovu

Sogeeni, walio nyuma wasikie. Aliye na kisu kiunoni akivue akilaze hapo mkekani, maana habari yenyewe ni ya kisu, na aliyeianzisha ni huyu mgeni wetu aliyekuja kutembea nyikani. Ameuliza sokoni kwa nini visu vya huku Ighenge huuzwa uchi, chuma kitupu bila mpini, na kwa nini kila kisu kilichokwisha kutiwa mpini kina kidoti cha chuma kinachochungulia nyuma, pale kiganja kinapoishia. Alicheka kidogo alipokuwa akiuliza. Simlaumu. Cha kwake kina mpini unaong'aa kama kiatu cha bwana harusi.

Kile kidoti tunakiita kitovu. Na kulikuwa na wakati visu vya Ighenge havikuwa nacho.

Wakati huo mwanamume akienda kwenye nyumba yenye sherehe hakuvuka kizingiti na kisu. Alikitundika nje, kwenye vigingi vilivyokuwa vimepigwa ukutani kando ya mlango, kikiwa ndani ya ala yake. Ilikuwa desturi nzuri, maana pombe ilikuwa ya kutosha na wanaume wa milima hii hawajawahi kuwa wapole wakinywa. Lakini ilizaa jambo ambalo hakuna aliyelikusudia. Kisu kikiwa alani, kinachoonekana ni mpini tu. Wanawake waliopita na vyungu vya chakula waliitazama ile mipini, wakajua nani kaja na nani hakuja, nani mambo yake yamemnyookea na nani bado anahangaika. Baada ya miaka kadhaa, mtu wa Ighenge akisema fulani ana kisu kizuri, alikuwa na maana ya mpini mzuri. Makali yake hata hakuyajua.

Wahunzi nao si wajinga. Waliona watu wanakuja kununua pembe iliyosuguliwa ya pofu wa nyikani, mifupa iliyochorwa, pete za shaba, basi wakawapa. Shida ya pembe ni kwamba ukiitoboa kutoka mwisho mmoja hadi mwingine hupasuka, na ikipasuka kazi yote imepotea. Kwa hiyo msuka, yaani ule mkia wa chuma unaoingia ndani ya mpini, ukaanza kufupishwa. Mwanzoni ulifika katikati. Kisha ukafika robo. Waliziba tundu kwa ulimbo wa moto, wakavalisha pete ya shaba shingoni, na kwa macho hakuna aliyeweza kujua. Mpini ukawa mzima, laini, bila alama yoyote nyuma.

Katika siku hizo aliishi mwanamke aliyeitwa Nakiete. Mumewe, Kalaghe, alikuwa mwindaji, mtu wa maneno machache na hasira chache, na kisu chake kilikuwa aibu ya nyumba. Alikirithi kwa baba yake. Mpini wake ulikuwa wa mti uliozungushiwa ngozi ya mburukenge, umekunjamana kama mguu wa kuku mzee, na nyuma yake chuma kilitokeza kikiwa kimepondwapondwa kwa nyundo. Kile kichwa cha chuma ndicho Nakiete alichokichukia zaidi. Kila alipokumbatiana na mumewe kilimchoma ubavuni, na kilikwisha kumchania kanga zisizopungua mbili.

Hata hivyo alivumilia, mpaka harusi ya mdogo wake Naetwe. Siku hiyo Nakiete alikuwa amebeba chungu cha nyama, anapita mlangoni, akawasikia shangazi za bwana harusi wamesimama mbele ya vigingi wanacheka.

"Hiki nacho ni cha nani?" akauliza mmoja, akikishika kile kisu cha Kalaghe kwa vidole viwili. "Mbona kama kimeletwa na fisi?"

"Labda ni cha mchunaji," akasema mwenzake. "Harusi ikiisha watamtuma akachune."

Nakiete alipita na chungu chake kana kwamba hakusikia. Lakini alisikia, na nyama ile hakuila. Aliona haya kwa ajili ya mumewe, kisha akaona haya kwa ajili ya haya zenyewe, kwa kuwa alimpenda Kalaghe na alijua nyama iliyokuwa chunguni ni yeye aliyeileta kutoka nyikani. Hayo yote hayakumzuia kuyasikia yale maneno ya fisi usiku kucha.

Asubuhi alimwambia, "Baba Nambike, kile kisu tukibadilishe."

"Kisu hakijanisumbua," akasema Kalaghe.

"Kimenisumbua mimi."

Kalaghe alikitoa kiunoni, akakigeuza huku na huku. Alikuwa na tabia, alipokuwa akifikiri, ya kukisugua kile kichwa cha chuma kwa kidole gumba, na alifanya hivyo kwa kitambo. Kisha akampa mkewe. Alikuwa mtu asiyependa kuona uso wa mkewe umekunjamana, na watu wa namna hiyo hutoa vitu ambavyo hawakupaswa kuvitoa.

Mhunzi aliyesifika zaidi wakati ule alikuwa mzee Senkondo, naye alikuwa kaka wa mama yake Nakiete. Nakiete akaenda kwake akimswaga mbuzi, na kisu cha zamani amekifunga nguoni.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Mbuzi huyo anatoka wapi?"

"Ni wako. Na hiki pia ni chako. Nataka kisu cha baba Nambike, kinachofaa kutundikwa mbele za watu."

Senkondo alifurahi. Akatandika ngozi, akapanga visu vyake juu yake, vyote alani, mipini ikielekea kwa mteja. Nakiete alikaa pale mpaka jua likapanda sana. Alishika wa mfupa, akauacha. Alishika wa mti mweusi wenye pete tatu za shaba, akaona pete zimezidi. Mwisho akashika mmoja wa pembe ya pofu, rangi ya asali, laini kama kokwa lililokaa mdomoni mwa mtoto kutwa nzima. Akaupitisha shavuni. Nyuma hapakuwa na kitu cha kumchania mtu nguo.

Hakukichomoa kisu alani hata mara moja. Aliyekichomoa ni Senkondo mwenyewe, akanyoa nacho vinyweleo vya mkono wake ili amwonyeshe, na kusema kweli chuma kilikuwa kizuri. Urefu wake ulikuwa wa kiasi, shibiri moja ya mtu mzima, na mgongo wake mnene. Mzee yule kufua alijua.

"Anakwenda nacho wapi?" akauliza Senkondo, akikirudisha alani.

"Kila mahali," akajibu Nakiete, kwa maringo kidogo. "Harusini na nyikani."

Senkondo hakuinua macho. Alikuwa ameinamia ile ala, akiifunga ukanda wake, na ukanda ule ulimchukua muda kuliko ilivyostahili. Kisha akampa mpwa wake kisu na kumtakia heri.

Kiangazi kilipofika, Kalaghe aliteremka nyikani pamoja na mdogo wake, Irira. Hiyo ilikuwa kawaida yao kila mwaka: kushuka na mishale, mkuki na visu, kuwinda, kukausha nyama huko huko, na kupanda nayo mlima ikiwa nyepesi. Nakiete alimfunga mumewe kisu kipya kwa mkono wake, akarudi nyuma hatua chache kumtazama. Kalaghe alipendeza. Kidole gumba chake kilitafuta kitu nyuma ya mpini, kikateleza, kikatafuta tena.

Yaliyotokea huko Nakiete aliyajua kwa kinywa cha Irira, na Irira aliyasimulia akiwa ameinamisha kichwa.

Walimpiga ngiri mshale, ngiri akakimbia kisha akaanguka kwenye majani. Kalaghe akaenda kummaliza. Ngiri hakuwa amekufa. Aliinuka ghafla akamjia, na Kalaghe, ambaye hakuwa mgeni wa mambo hayo, alisimama imara akamchoma nyuma ya bega, akakizungusha kisu ili akichomoe amchome tena. Alipovuta, mkono ulirudi na mpini peke yake. Kisu kilibaki ndani ya ngiri. Jino la ngiri likampasua Kalaghe paja, kutoka karibu na goti kwenda juu, kabla Irira hajafika na mkuki.

Ngiri alikufa. Lakini taabu ndipo ilipoanza, kwa sababu Kalaghe hakuweza kusimama na nyumbani kulikuwa mbali. Irira akachomoa kisu chake ili akate miti ya machela. Nacho kilikuwa cha pembe, kilinunuliwa mwaka ule ule. Alipokipiga gogo kwa juu ili kipasue tawi, shingo ikalegea, pete ya shaba ikadondoka, na mpini ukamtoka mkononi ukabingirika majanini. Kisu chenyewe kikaingia katika ufa wa lile tawi gumu, hata alipokichokonoa kikakatika vipande viwili. Akarudi kwa ngiri. Akampasua ubavu kwa ncha ya mkuki, akakitoa kile kisu cha kaka yake, akakizungushia magome ya mti sehemu ya kushikia. Kwa chuma kile kisicho na mpini alikata miti, akachuna kamba za magome, akachonga vijiti vikavu vya kuwashia moto, maana fisi walikwisha kunusa damu. Kila alipokaza, chuma kilimkata kiganja. Machela hutaka mtu kila upande, naye alikuwa peke yake, kwa hiyo aliiburuta, kaka yake akiwa juu yake, mpaka chini ya mlima ambapo warina asali waliwaona.

"Shemeji, nisamehe nimechelewa," Irira akamwambia Nakiete, akiwa amefungwa matambara mikono yote miwili.

Kalaghe alilazwa ndani akiwaka homa. Katika mkono wake wa kulia alikuwa bado ameushika ule mpini wa pembe. Hawakuweza kumfungua vidole njia nzima, na yeye mwenyewe hakujua kwamba anaushika. Nakiete alivifungua kimoja kimoja, akivipaka mafuta.

Alipoupata mpini aliugeuza akatazama lile tundu. Aliingiza kidole chake kidogo. Kiliingia mpaka kwenye kiungo cha kwanza tu, kikagonga pembe. Mle ndani mlikuwa na ulimbo mweusi, na alama ya chuma kisichozidi jino la mtoto.

Nakiete akakaa chini. Hakuna aliyemwambia kosa ni la nani. Hakuhitaji kuambiwa. Ni yeye aliyekaa juani akipitisha pembe shavuni, na pengine sasa angekuwa mjane kwa sababu ya shangazi wawili na kicheko chao. Alilia, akaosha uso, akamwomba mama mkwe wake amwangalie mgonjwa, akaenda kwa mjomba.

Senkondo alikuwa anavukuta moto. Alipomwona akaacha mivukuto.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Habari ya mgonjwa?"

Nakiete akaweka mpini juu ya fuawe, tundu likiwatazama. "Mjomba, humu ndani kuna nini?"

Senkondo aliutazama. "Hamna kitu."

"Hiyo ndiyo habari ya mgonjwa."

Moto ukawa unashuka peke yake, na hakuna aliyeuchochea. Mwisho Nakiete akasema, "Ulijua."

"Nilijua. Nilikuuliza anakwenda nacho wapi."

"Uliniuliza. Hukuniambia kwa nini unauliza."

Hapo mzee yule akapandisha sauti, kwa kuwa alikuwa na aibu na aibu ya wazee mara nyingi hutoka kama hasira. "Ningekwambiaje, Nakiete? Mlinunua mipini, nami nikawauzia mipini. Baba yangu alifua visu kama kile cha kwenu, akavipanga hapa mpaka vikaota kutu, watu wanapita wanakwenda kwa mwenye shaba. Hakuna hata mmoja kati yenu aliyewahi kuniambia, mjomba, fungua hapa nione. Hata wewe. Ulikaa hapo asubuhi nzima."

Ni kweli Nakiete alikaa pale asubuhi nzima. Akauliza jambo alilokuja kuuliza. "Kile cha zamani kiko wapi? Ulikifua upya?"

Senkondo alisimama akaenda kwenye kona alikotupia vyuma chakavu. Akafukuafukua, akarudi na kitu akakiweka mapajani pa mpwa wake. Alikuwa amekivua mpini ili akifue jembe, akaishia hapo. Kilikuwa kazi ya baba yake, na kila alipokitia koleo alikirudisha.

Hiyo ilikuwa mara ya kwanza Nakiete kukiona kisu cha mumewe kikiwa uchi. Chini ya ile ngozi ya mburukenge aliyoionea haya, chuma hakikuishia shingoni. Kilikuwa kinaendelea, kipana, kinene, kipande kimoja tangu ncha mpaka mwisho. Msuka wake ulikuwa mrefu karibu sawa na kisu chenyewe, na kwenye mkia wake kulikuwa na ile sehemu iliyopondwapondwa kwa nyundo.

"Baba aliupitisha msuka hadi nyuma," akasema Senkondo, sauti imeshuka, "akaupiga kichwa usirudi ndani. Hicho huwezi kukitenganisha na mpini mpaka uchome mti wenyewe."

"Nilikiuza kwa sababu kilinichania nguo," akasema Nakiete. Akalia tena, safari hii mbele ya mtu.

Mjomba wake akanyoosha mkono akitaka kukitia mpini mpya palepale, bure, wa mti wowote atakaoutaka. Nakiete akakikumbatia kifuani.

"Hapana. Nakichukua hivi hivi. Mpini nitautia mwenyewe, nione unavyoingia."

Senkondo akasema hakuna mwanamke aliyewahi kutia kisu mpini. Nakiete akasema labda ndiyo maana. Akaaga kwa adabu akatoka nacho kikiwa uchi, mkononi, mbele za watu, na wote waliokutana naye njiani waliuona ule mkia mrefu wa chuma wakashangaa, kwa kuwa hata wao hawakuwahi kuona kilichomo ndani ya vitu wanavyotembea navyo.

Nyumbani alichukua kipande cha mkwaju kilichokuwa kimekauka miaka juu ya dari ya jiko. Akatia msuka motoni mpaka ukawa mwekundu, akiwa ameyafunika makali kwa majani mabichi ya mgomba na kuyamwagia maji yasipoteze ugumu. Akakinyoosha kile kichwa kwa jiwe kipate kupita, akauingiza msuka ndani ya mti, moshi ukatoka, akautoa, akautia moto tena, akausukuma tena. Kazi hiyo aliirudia kutwa nzima na kesho yake, akiiacha kila mgonjwa alipougulia kwa sauti. Chuma kilipochungulia upande wa pili alikiponda kwa jiwe mpaka kikatanuka na kuukamata mti. Ulikuwa mpini mbaya. Ulikuwa mnene upande mmoja na mwembamba upande wa pili, na umeungua mahali. Akautikisa, akaubana kwenye mlango akaukalia. Haukucheza.

Akaenda akauweka kwenye kiganja cha Kalaghe, kiganja kile kile alichokifungua kidole kwa kidole. Kalaghe alikuwa amefumba macho na midomo imepasuka kwa homa. Vidole vikakaa bila nguvu. Kisha kile kidole gumba kikaanza kutembea, polepole, kikapanda mpini, kikafika nyuma, kikakuta chuma. Kikabonyeza. Kikasugua.

"Kimerudi," akasema Kalaghe.

Hayo ndiyo maneno yake ya kwanza tangu aletwe. Baada ya hapo alilala usingizi wa kweli, na mama yake alipomgusa paji akaita watu waje waone jasho.

Kalaghe alipona, ila mguu mmoja ulibaki mbovu. Hakukimbiza mnyama tena maishani mwake. Alitega mitego karibu, alirina asali, na alipopanda mlima alipumzika mara nyingi. Nakiete alimsubiri kila alipopumzika, na hakuna siku aliyoutazama mguu ule bila kuumia moyoni. Alisema hivyo waziwazi mpaka uzeeni.

Habari ya kisu kilichoonekana uchi ilizunguka milima yote. Wanawake ndio waliokuwa wa kwanza kwenda kwa Senkondo, kwa kuwa wao ndio waliobaki nyumbani waume wakishuka. Walikataa kutandikiwa ngozi. Walisema, "Vua mpini, mzee, tuone." Senkondo alikasirika, akasema wanamharibia mali. Lakini kila alipovua mmoja, kijimsuka kama kucha kilichungulia, na mteja akaondoka bila kununua. Mwisho alichoka. Siku moja alikusanya mipini yake yote ya pembe, akaitumbukiza kwenye tanuru, na kijiji kizima kikanuka pembe iliyoungua. Kuanzia hapo alifua chuma tu, akakipanga hivyo hivyo, na mtu aliyetaka mpini alielekezwa nyumbani kwake mwenyewe.

Hata hivyo wapo walioona ni maneno ya wanawake. Mmoja wao alikuwa mume wa Naetwe, yule aliyeoa siku ya kicheko. Irira alipooa, vigingi vya mlangoni vilijaa kama kawaida, na Nakiete alipita tena akiwa amebeba chungu. Safari hii alikiweka chini. Alianza upande mmoja wa ukuta, akabonyeza nyuma ya kila mpini kwa kidole gumba. Wale shangazi wawili walikuwepo, wakamtazama. Alikuta chuma, akakuta chuma, akapita cha mumewe na mpini wake mbaya wa mkwaju, kisha akafika kwenye pembe moja laini, rangi ya maziwa. Kidole kikateleza.

Akakivua kigingini. Kuvua kisu cha mwanamume mwingine mlangoni ilikuwa ni matusi makubwa. Nakiete akaenda nacho jikoni kwa mdogo wake.

"Mumeo anashuka lini?"

"Kesho kutwa."

"Bonyeza hapa."

Naetwe akafuta unga mikononi, akabonyeza. Akabonyeza tena, kana kwamba chuma kingetokea akisubiri. Kutoka pale alipokaa aliweza kumwona Kalaghe ameketi ukumbini, mguu wake umenyooshwa mbele, watu wanauruka wakipita. Alikiweka kile kisu chini ya kinu, akakaa juu yake. Mumewe alikuja akaomba kisu chake, akabembeleza, akafoka, akamwita mama yake amsaidie. Mama yake alikuja, akasikiliza, akapenyeza kidole chini ya kinu akabonyeza, kisha akakaa pembeni ya mkwewe.

Mume wa Naetwe hakushuka kesho kutwa. Alishuka baadaye, akiwa na kisu cha Senkondo kilichotiwa mpini na mkewe, na alirudi. Huyo ni babu wa babu zangu, kwa hiyo mkinitazama hapa mnajua alirudi.

Na tangu siku hiyo kisu cha Ighenge huuzwa uchi, ili mnunuzi auone msuka kabla hajauona mpini. Na tangu siku hiyo mpini hutiwa nyumbani, na anayeutia au anayesimamia ukitiwa ni yule atakayebaki akisubiri: mke, mama, au dada. Chuma lazima kitokee nyuma na kupondwa, ndicho hicho kitovu, na mtu akitaka kuondoka hukigeuza kisu akampa wa nyumbani abonyeze kwanza. Kidole kikikosa chuma, safari haipo. Hakuna ugomvi juu ya hilo, na hata mzee mwenye wajukuu hungoja mlangoni kama mtoto mpaka abonyezewe.

Sasa, mgeni, lete hicho chako. Ni kizuri, na chuma chake naona kimefuliwa na mtu anayejua. Lakini nimebonyeza hapa nyuma na kidole changu kimeteleza. Kiache hapo mkekani, utakikuta ukirudi. Chukua hiki changu. Ila kabla hujakifunga kiunoni, mpelekee bibi wa nyumba hii huko jikoni akibonyeze, kwa maana wa kwenu wako mbali, na kwa siku hizi utakazokuwa nyikani, atakayekusubiri ni yeye.